Nilimwambia Angoje

Padri wetu alizoea kusema kisasi ni cha Mungu. Bon, sibishi. Lakini wakati ule wa vita, hapa Kisangani, Mungu alikuwa na kazi nyingi, na mimi nilikuwa na jirani mmoja tu. Nikaona nimsaidie Mungu kidogo.

Jirani huyo alikuwa mama mwenye duka la jumla la chumvi na sabuni, mtu wa Kivu, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele. Kati ya ua wake na wetu kulikuwa na ukuta wa matofali uliofika kifuani. Bwana yangu alikuwa fundi cherehani. Mjini kulikuwa na majeshi mawili ya kigeni yaliyoingia pamoja kama marafiki, na sasa yalikuwa yanatazamana kwa jicho baya. Askari wa upande mmoja walimletea bwana yangu suruali zilizochanika, na fundi hakatai suruali inayoletwa na mtu mwenye bunduki. Akazishona. Siku tatu baadaye wakaja wale wa upande wa pili, wakamchukua mpaka kambini kwao. Nilipowauliza kosa lake, mmoja wao alicheka, akaelekeza kidole ukutani: "Mama ya chumvi ametuambia anashonea adui."

Alirudi baada ya wiki tano. Vidole vitatu vya mkono wa kulia walikuwa wamemvunja, na mifupa ikaunga vibaya. Mkasi hakuweza kuushika tena. Kila asubuhi aliketi kando ya cherehani yake akiifuta vumbi, basi, ndiyo kazi iliyobaki, na mimi nilikuwa namtazama akifuta huku roho inaniwaka. Kikulacho ki nguoni mwako; waliosema hivyo walikuwa na majirani. Na yule mama, bila haya, aliendelea kunisalimu juu ya ukuta: "Bibi ya fundi, mumeamuka muzuri?" Nilimjibu vizuri kabisa. Nilitaka anizoee.

Sasa, mimi nilikuwa na kadi. Si kadi za kucheza, ni zile za kutazamia, zenye picha, tarot. Niliachiwa na mama mmoja Mgiriki ambaye mama yangu alimpikia miaka mingi. Alipohama mji alinipa pakiti nzima, akiwa amekwisha kunifundisha kuzisoma. Nilizificha chini ya gunia la mchele, maana padri angejua angeninyima komunyo. Lakini wanawake wa mtaa walijua, na wakati wa vita kila mtu anataka kujua kesho. Walikuja mmoja mmoja, kila mtu na kisahani chake cha mchele au kipande cha sabuni. Sheria yetu ilikuwa moja: ukitazamiwa, husemi ni wapi, ukitazamia, husemi ni nani.

Asubuhi moja akaja yeye.

Aliketi, akatoa sabuni chini ya kitenge, akaanza kueleza. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, Lubunga, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika mwezi wa kuzaa. Kwetu mwanamke anayezaa mara ya kwanza hukandwa na mama yake mwenyewe: maji ya moto, kitambaa, na mikono ya aliyemzaa, asubuhi na jioni, mpaka mwili urudi. Mama asipofika, mama mkwe ndiye anayekanda, na maisha yote atasema, "Huyu nilimkanda mimi, mama yake alikuwa wapi?" Na mama mkwe wa binti yule alikuwa na ulimi wa kukata nyama. Hawakuelewana na jirani yangu tangu siku ya mahari. Donc alitaka kujua kitu kimoja: avuke leo, au angoje mji utulie?

Nilichanganya kadi, nikamwambia akate kwa mkono wa kushoto. Nikafunua mbili.

Ya kwanza ilikuwa mtu anayening'inia kichwa chini, amefungwa mguu mmoja kwenye mti. Jirani yangu aliinama akaitazama.

"Eh! Huyu iko mutu ya kambini," akasema. "Ni vile banawafungaka kule."

Mungu wangu! Bwana yangu alikuwa chumba cha pili, na alikuwa amenisimulia mimi tu jinsi walivyowafunga kule. Huyu mwanamke alijua walichofanyiwa watu aliowataja, na alikuja kuketi kwenye kiti changu. Nilibana meno mpaka masikio yakauma.

"Hapana, mama," nikamwambia kwa sauti tamu. "Tazama uso wake. Analia? Halii. Huyu hafi. Amesimamisha safari yake, anaitazama dunia kutoka chini ili aielewe. Kadi hii inasema simama."

Ya pili ilikuwa mwanamke aliyeketi, mgongo wake kwenye maji, macho yamefungwa kitambaa, ameshika panga mbili mbele ya kifua, moja kila mkono.

"Huyu hajui achague nini," nikasema. "Panga zote mbili zina uzito sawa. Akishusha moja, nyingine itamwelemea. Basi anakaa hivyo hivyo."

"Na zikitoka pamoja?"

"Zikitoka pamoja, zina neno moja tu. Ngoja."

Na hapo sikudanganya. Nataka hilo lieleweke, maana sipendi kuitwa mwongo. Mama Mgiriki alinifundisha hivyo hivyo. Ila alinifundisha na nusu ya pili: kwamba yule mwanamke hakufungwa na mtu, kitambaa alijifunga mwenyewe, na msomaji mwema lazima amuulize mtu aliye mbele yake, "Ni nini hutaki kuona?" Nusu hiyo niliimeza.

Tena nilimeza jambo kubwa zaidi. Kaka yangu alikuwa mpiga kasia mtoni. Alfajiri ile alipita nyumbani kutuambia kwamba askari wameamuru mitumbwi yote iondolewe upande wetu kabla ya saa sita mchana, na baada ya hapo hakuna atakayevuka. Jirani yangu aliketi mbele yangu saa tatu. Alikuwa na muda wa kutosha wa kufunga mzigo, kushuka mtoni na kufika kwa mwanawe bila hata kukimbia.

"Subira yavuta heri, mama," nikamwambia.

Akashusha pumzi, akaniachia sabuni, akaenda zake.

Kesho yake mabomu yakaanza. Sitasimulia siku zile. Kila mtu wa Kisangani anazo zake. Tulilala chini ya vitanda, umeme wa bwawa la Tshopo ulikatika, tukala mchele mbichi uliolowekwa. Na huko chini ya kitanda, plasta ya dari ikituangukia, nilikuwa nawaza: sasa hivi maji yamechemka kule Lubunga, sasa hivi mikono mingine inamkanda. Nilifurahi. Niliogopa kufa, na nilifurahi, yote mawili kwa pamoja.

Mto ulipofunguliwa, habari zikaja. Binti alizaa salama, mtoto wa kiume. Mama mkwe alimkanda. Jirani yangu alivuka na beseni jipya, vitenge na pondu, majani ya muhogo ya kupika, na alasiri ile ile akarudi na beseni lake na mzigo haujafunguliwa. Kaka yangu ndiye aliyemvusha, na alisikia yote kwa sababu walisemea pale pale ufukweni. Binti alikataa kumpa mtoto ambebe. "Ile asubuhi mitumbwi ilikuwa bado inavuka," alimwambia mama yake. "Bamama ya wengine bote walivuka. Weye ulikuwa wapi?"

Kisasi kisichojulikana na aliyelipizwa ni chakula bila chumvi. Nikamwendea dukani. Alikuwa peke yake, anapima chumvi.

"Nilijua," nikamwambia. "Nilijua mto unafungwa saa sita. Nilikuambia ungoje makusudi. Ni kwa ajili ya vidole vya bwana yangu."

Nilingoja aanguke, apige kelele, anirushie kitu. Aliendelea kupima.

"Mi pia nilijua," akasema. "Mukubwa ya basoda ya kambini aliniambia mangaribi ya jana yake. Ni ule ule nilimwambia mambo ya bwana yako." Akaweka kopo chini. "Niliogopa, bibi ya fundi. Risasi, mayi, vyote. Nilitafuta mutu wa kuniambia nibaki. Mama mwingine yeyote angeniambia niende kwa mutoto yangu. Weye unanichukia. Nilijua utaniambia ningoje."

Yaani alinitumia! Chuki yangu niliyoilea miezi yote ile, yeye aliifanya mto wa kulalia. Na bado hakuwa amemaliza.

"Jumamosi mutoto yangu atavuka," akasema. "Nimemwambia ni kadi zilinifunga. Atakuja kukuuliza. Mwambie tu ile umeniambia, na yeye atanisamehe. Na mambo ya bwana yako, nitakuomba pardon mbele ya padri."

Niligeuka, nikarudi nyumbani.

Jumamosi binti akaja kweli, mtoto mgongoni, uso umechoka. Alisimama mlangoni kwetu. Bwana yangu alikuwa kwenye cherehani yake na kitambaa cha vumbi mkononi. Juu ya ukuta niliona ncha ya kilemba cha mama yake, imetulia tuli.

"Mama," binti akaniambia, "mama yangu anasema ulimutazamia kadi, ukamwambia angoje. Niambie kama ni kweli. Nataka kumusamehe, lakini nataka sababu."

Bwana yangu aliacha kufuta. Alinitazama, akatikisa kichwa taratibu. Mpaka leo sijamuuliza alitaka niseme nini.

"Kadi?" nikasema, nikajipiga ishara ya msalaba. "Mwanangu, sisi ni watu wa kanisa. Kadi gani?"

Akaniomba radhi kwa kunisumbua, akamrekebisha mtoto mgongoni, akapita mbele ya mlango wa mama yake bila kugeuka, akashuka mtoni.