Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Nianze na hili ili tusidanganyane: majirani zetu kule Masama, mlimani, hawakuwa watu wabaya. Ingekuwa nafuu kwangu kama wangekuwa wabaya. Ningewatukana mara moja, yakaisha, nikalala usingizi wangu. Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba walikuwa wema, tena wema wa kweli, mpaka pale mama yangu alipoacha kuuhitaji wema wao.

Baba alikufa nikiwa bado shule ya msingi. Siku zile nyumba yetu ya udongo haikukosa watu. Walileta mtori wa ndizi kwenye sufuria zilizofunikwa kwa majani ya migomba, wakatuchumia kahawa bila kuombwa. Baba mkubwa, kaka yake baba ambaye kihamba chake, shamba lake la migomba na kahawa, kilipakana na chetu, ndiye aliyetukatia majani ya ng'ombe msimu mzima. Jioni alipita akisema, "Shemeji, usiwaze. Sisi tupo." Na kweli walikuwepo. Mama walimwita maskini wa Mungu, na kwa utoto wangu nilidhani hilo ni jina zuri.

Kisha bei ya kahawa ikaporomoka. Kila mtu akawa analalamika, hata mama alilalamika, ila yeye alilalamika huku anafunga mzigo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imelegeza biashara, mitumba imeanza kuuzwa waziwazi. Aliuza mbuzi, akashuka mjini Moshi kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa Soweto aliyekuwa akifungua marobota ya mitumba, akarudi na nguo alizofunga kwenye shuka. Alizitembeza minadani, amejitwisha kichwani, mvua yake jua lake. Alikuwa na jicho. Akishika koti tu, alishajua kama ni la mwalimu au ni la mwinjilisti. Baadaye akapata meza sokoni mjini, kisha kibanda, kisha pikapu kuukuu iliyopanda mlima kwa kukohoa. Nyumba ya udongo ikaondoka, ikaja ya tofali yenye bati jekundu.

Hapo ndipo walipobadilika. Hawakugombana naye, hata kidogo. Walianza kwa utani. "Bosi kashuka leo?" "Siku hizi tunanukia, eeh?" Mama alicheka nao. Mimi nilikuwa kidato cha pili na nilishajua utani wa kuchekesha na utani wa kuchoma. Halafu yakaanza maneno. Eti chumba cha nyuma kina joka la kuleta pesa. Eti baba hakufa kwa homa, mama alimtoa kafara ili apate utajiri. Baba, aliyekufa kabla mama hajajua hata robota linafananaje! Niliwauliza wenzangu shuleni, huo utajiri ulikuwa umekwama wapi miaka yote ile tuliyokuwa tunakula mtori wa mama zenu? Waliendelea kusema.

Mama alidhani dawa ni kutoa. Alimwezekea baba mkubwa nyumba. Alivalisha watoto wa ukoo mzima kila Krismasi. Kadiri alivyotoa ndivyo walivyonuna, na mimi nilichukua miaka mingi kuelewa kwa nini. Zamani sufuria zilitoka kwao zikaja kwetu. Sasa zilikuwa zinatoka kwetu kwenda kwao, na hilo hawakuwa tayari kumsamehe. Walimpenda akiwa chini yao. Kumpenda akiwa amesimama walishindwa, basi, hakuna fumbo hapo.

Mdogo wangu alipopata kipaimara, mama aliamua kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, mwenyewe. Angeweza kuajiri mtu. Alikataa, alitaka iwe ya mkono wake. Alichemsha ndizi, akaziacha zichachuke, akaotesha ulezi na kusaga, akatia maganda ya mti wa msesewe ili ipate uchungu wake. Watu wakaja wote, hakubaki mtu nyumbani. Nyama walikula, kwa sababu mbuzi alichinjwa na baba mkubwa kwa kisu chake mwenyewe, mbele ya macho yao. Soda walikunywa, kwa sababu chupa walifungua wenyewe.

Kwetu, mwenye pombe huonja kwanza. Hunywa kidogo mbele ya wageni ndipo akampa mkubwa wao kibuyu, ili kila mtu aone hakuna kitu ndani. Ni heshima tu, hakuna anayeifikiria. Mama aliinama mbele ya baba mkubwa, akaonja, akampa kwa mikono miwili. Baba mkubwa akapokea kwa mikono miwili. Akashukuru vizuri. Kisha akampa aliyekaa pembeni yake bila kukigusisha mdomoni. Naye akampa mwenzake. Kibuyu kikapita benchi zima la wazee namna hiyo, mmoja tumbo linamsumbua, mwingine anatumia dawa, mwingine hata hakujisumbua kutoa sababu, mpaka kikarudi mikononi mwa mama kimejaa.

Mama akanywa tena, safari hii kwa funda kubwa, watu wote wanamwona koo likipanda na kushuka. Akampa tena baba mkubwa. Kikazunguka tena, kikarudi tena.

"Basi karibuni soda," akasema.

 Yule mzee alikuwa ameamka asubuhi ile chini ya bati aliloezekewa na mama. Kesho yake tulimwaga pipa zima kwenye migomba, mama akichota ndoo kwa ndoo, hataki kusaidiwa. Nikamwambia awaache, ahamie mjini, ana nini cha kutafuta kwa watu hawa. Akanijibu bila kunitazama, "Ni watu wangu. Watakunywa tu siku moja." Na kila Krismasi alipika. Na kila Krismasi kibuyu kilirudi vilevile. Nyumba ile na pikapu ile angeviachia vyote ili watu wale wanywe pombe yake, mimi najua.

Nilikuwa nimeshaolewa, tunajenga Shirimatunda, kule Moshi, mama alipopata kiharusi akiwa kibandani kwake. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Pikapu ikauzwa kulipia hospitali, kibanda wakakichukua wengine. Alipoweza kukaa tukampandisha Masama, kwa sababu ndiko alikotaka.

Wakaja. Wiki ile ile wakaja, na mtori, na sufuria zimefunikwa kwa majani. Wakamkatia ng'ombe majani. Wakafua mashuka yake, na walifua vizuri, sitawasingizia. Nikiwa mlangoni na kikombe cha chai nikamsikia mmoja akisema, "Maskini wa Mungu."  Walikuwa wamelikumbuka lile jina miaka yote hiyo, wameliweka tu, wanangoja alirudie.

Krismasi ikafika, mama akataka mbege. Nikapika mimi, yeye ameketi kwenye kiti ananielekeza kwa maneno yaliyokuwa yakimtoka kwa taabu. Watu wakajaa uani. Nikamwamkia baba mkubwa, ameshakuwa mzee wa mkongojo, akaitikia marahaba kwa furaha kabisa. Nikachota kibuyu, nikampelekea mama aonje kwanza, kama inavyotakiwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka, kibuyu kinacheza, hakijafika mdomoni.

"Aa, shemeji, usijisumbue," baba mkubwa akasema. "Lete tu."

Akakichukua mkononi mwa mama kabla mama hajaonja. Akanywa. Akanywa mpaka akakigeuza, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Tamu. Mkono wako haujapotea, shemeji." Mkono wenyewe ulikuwa umelala mapajani pake kama kitambaa. Wale wengine wakanyoosha mikono, kila mmoja anataka.

Nilitaka kumwaga pipa lote mbele ya miguu yao. Nilitaka niwaulize, lile joka limekwenda wapi, limekufa na kiharusi? Maneno yalishafika kwenye meno. Ndipo mama akanivuta kanga kwa ule mkono wa kushoto. Nikainama. Alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa uso, macho yamejaa machozi.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Wamekunywa."

Nikachukua kibuyu kitupu, nikaenda kuwajazia.