Wafu wa Herufi O

Mimi siwezi kukaa na kompyuta chafu. Sisemi vumbi. Nasema ile desktop, ule uso unaouona ukishaiwasha, ukiwa umejaa vifaili kila pembe kama nzi kwenye dagaa wa omena. Nikiona hivyo mwili unaniwasha. Kuna wanaosema najua kupanga vitu na kuna wanaosema nina roho mbaya, na sijaona haja ya kubishana na yeyote kati yao.

Nilipoajiriwa katika saiba moja, duka la kompyuta na uchapaji mjini Migori, nikiwa nimetoka chuo kule kwetu Homa Bay na cheti kikiwa bado kwenye bahasha, nilimkuta mzee mmoja ameketi mbele ya kompyuta kubwa. Alikuwa amechapa hapo miaka mingi, kwa vidole viwili. Kazi yetu kubwa, kusema kweli, ilikuwa ya wafu. Tulitengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu, ratiba ya ibada na orodha ndefu ya watoto, wakwe na wajukuu. Huku kwetu mtu hazikwi bila kijitabu, na hazikwi popote ila kwao.

Basi yule mzee alikuwa amewapanga wafu wake kwa makwao. Desktop nzima ilikuwa ramani. Ukingo wa kushoto ndio ulikuwa ziwa, na watu wa Sori walijipanga hapo. Ukisogea ndani ulikuta Macalder, kisha Masara, katikati mji wenyewe, na chini kulia Wakuria wa mpakani. Mteja akiingia hakuulizwa jina, aliulizwa wanazika wapi, na kidole cha mzee kilifika kwenye kioo kabla ya mshale. Hata mimi hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita nyar Homa Bay, yaani binti wa Homa Bay, na kila siku saa nne alinimiminia chai yake kwenye kifuniko cha thamosi.

Nilikunywa ile chai na nikamdharau. Chuoni tulifundishwa kwamba desktop safi ni akili safi, faili zote ziwe ndani ya folda, folda zifuate alfabeti, na mtu asiyepanga hivyo anapoteza saa za kazi. Nikamtazama huyu anayetafuta kwa kidole, nikajiambia kiti kile hakikustahili, amekikalia kwa mazoea tu.

Mwenye saiba, mama mmoja asiyecheka na mtu, alikuwa ameshamwonya mbele yangu. Mteja mmoja tu mwingine akicheleweshwa, basi mzee kazi hana, arudi nyumbani. Mzee aliitikia kwa upole. Alikuwa na binti wa mwisho chuo cha ualimu, na umri wake haukuwa wa kuzunguka mjini akiomba kazi.

Alhamisi moja alienda kupimwa macho, akaniachia kompyuta asubuhi nzima. Sikumwomba ruhusa. Ningeomba ya nini? Nilifungua faili moja moja, nikasoma jina kamili la marehemu, nikaliandika kuanzia jina la mwisho kama tulivyofundishwa, nikaitupa ndani ya folda ya herufi yake. Ziwa likaisha, Macalder ikaisha. Ikabaki rangi ya buluu tupu na safu moja ya folda, A mpaka Z. Haki ya Mungu, ilipendeza.

Kuna kitu ambacho chuo hakikunifundisha, nami nikiwa Mjaluo sikuhitaji kufundishwa. Huku kwetu karibu kila mwanamume jina lake linaanza na O. Folda nyingine zilibaki na vifaili viwili vitatu, lakini O ilifura mpaka ukawa unateremka na kuteremka usione mwisho. Niliona. Nikasema, shauri yake.

Mzee alirudi adhuhuri, machozi ya dawa bado yakimtoka. Kabla hajaketi vizuri, akaingia mjane wa Masara pamoja na shemeji yake. Mumewe alikuwa amefukiwa na udongo ndani ya shimo la kuchimba dhahabu. Programu yake mzee aliimaliza jana yake, ilibaki kuchapwa tu, na gari la maiti lilikuwa linangoja. Mwenye saiba akasogea kusimamia.

Mzee akapeleka kidole mahali pa Masara. Palikuwa buluu. Kidole kikabaki hapo hapo kwenye kioo. Nikamweleza, kwa sauti ya kutosha bosi kusikia, kwamba sasa tunafuata alfabeti. Akafungua O. Kulikuwa na wanaume chungu nzima wenye jina lile lile la mwisho, akaanza kuwafungua mmoja mmoja. Akatokea mzee mwenye kofia, akatokea kijana wa joho la kuhitimu, akatokea mchungaji. Kila uso wa maiti wa watu wengine ulipotokea, yule mjane aligeuka akatazama ukuta. Shemeji akaanza kuuliza kama hii ni ofisi au ni mchezo.

Mzee akanigeukia. "Nyar Homa Bay, mwanangu, unajua iko wapi?"

"Sijui, mzee."

Nilijua. Niliiweka mwenyewe asubuhi ile, ilikuwa ya nne kutoka chini. Nilikumbuka hata shati la marehemu. Niliketi nikamwangalia akifuta macho kwa mkono wa shati, na sikufichi, nilisikia raha.

Bosi akamwambia ainuke. Akainuka. Akamwomba mjane msamaha kwa Kijaluo, akasema ni macho yake, akachukua thamosi yake akatoka. Nilikaa kabla kiti hakijapoa, nikaipata faili, nikachapa nakala zote. Bosi akasema hivyo ndivyo kazi inavyofanywa.

Baada ya wiki kadhaa mzee alikuja kama mteja. Alikaa kwenye benchi na wengine mpaka zamu yake ikafika, akanipa barua aliyoiandika kwa mkono, ya kuomba ukarani katika shule moja kule Sori. Nikaichapa. Mwishoni, mahali pa mtu atakayeulizwa habari zake, nilikuta jina langu na nambari yangu ya simu.

"Nimekuweka wewe," akasema. "Wewe ulikaa nami, ukaniona nikifanya kazi. Na siku ile hata wewe hukujua ilipo, lakini hukunicheka, ulinihurumia."

Alikuwa ameiamini ile "sijui" yangu. Nilimchukia hapo hapo. Angenitukana ningelala vizuri. Nilichapa jina langu kwa mikono yangu mwenyewe, nikampa barua, akanibariki akaenda zake.

Jumatatu mwalimu mkuu alinipigia. Alikuwa mama mpole, hakuwa na haraka. Akaniambia barua imewapendeza na mzee anaelekea kuipata nafasi, wanataka tu kusikia neno langu. Nikamwambia ni mtu mzuri, ana heshima, hagombani na mtu. Akauliza, na kompyuta je?

"Faili humpotea," nikamwambia.

Akanishukuru kwa kumwambia ukweli.