Mwaka Niliopeleka Kidari

Harufu ya chokaa mbichi ndiyo iliyoitangulia Krismasi nyumbani kwetu, upande wa Marangu. Ilichanganyika na ya samadi tuliyosiriba sakafuni na ya ndizi mbivu zilizochemka uani kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya sikukuu. Desemba ile baba na mama walikuwa wamekwisha kuzikwa mgombani, wote kwa homa ya masika yale yale. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne. Mkubwa ni jalala, nami nilipokea kila kilichotupwa kwangu bila kulia, kwa kuwa nilikuwa nimekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa.

Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu Elinami, na kitindamimba wetu Ndeanasia. Chokaa iliyobaki baada ya kupaka kuta niliitumia kupaka sanamu za udongo za watu wetu na mifugo, ndogo kama kidole gumba. Weusi niliupata kwenye masizi ya chungu, wekundu kwenye kingo za mfereji, na buluu ilikuwa ile ya kufulia. Brashi ilikuwa nywele za mkia wa mbuzi zilizofungwa kwenye kijiti. Nilikoroga ndizi, nikakaa, nikapaka kwato za ng'ombe, nikainuka kukoroga tena.

"Kaka, Baba Mkubwa umempa tumbo kuliko la ng'ombe," Elinami alinicheka. "Akiliona, bakora."

Akaliona kweli. Baba Mkubwa, kaka wa baba, alikuja kutazama nyumba, tukamwamkia shikamoo, naye akaiokota sanamu yake dirishani.

"Hivi hapa mlezi ni nani na mtoto ni nani?" aliuliza. "Sikiliza. Siku ya Krismasi mwenye mji huchinja na kumpelekea mkubwa wake kidari. Kidari kikitoka mikononi mwako, kaeni. Kisipotoka, Ndeanasia ataenda Himo kwa shangazi yenu, Elinami atakuja kwangu kuchunga. Mbuzi yule mmemkondesha, na wewe unachezea udongo!"

Mshika mbili moja humponyoka. Wakati huo nilikuwa nikipaka sanamu ya mama, aliyoniomba Ndeanasia. Kanga ilikuwa tayari, mikono tayari, bado uso. Niliiweka juu ya dari. Kuanzia hapo nilikata majani ya kumnenepesha mbuzi asubuhi na jioni, nikasaga ulezi, nikarudia kuta mpaka zikang'aa. Ndeanasia aliniuliza, "Mama ataona lini?" Nikamwambia alete maji.

Tulichinja alfajiri, jirani akinishikia miguu ya mbuzi. Nilikipeleka kidari kwenye jani la mgomba kupitia njia ya mfereji, damu ikinitiririkia viwikoni. Baba Mkubwa alikipima kwa mkono, akakigeuza, akanusa.

"Kimenona," alisema hatimaye. "Aika, mwenye mji."

Hiyo aika ni asante yetu, na hakuna mtu mzima aliyewahi kunipa kwa sauti ile. Nilingoja furaha ije. Haikuja; nilihisi tu mikono ikinata.

Sikukuu ilipopita niliiteremsha sanamu ya mama, nikalowesha brashi. Sikujua macho yake niyaanzie wapi. Hatukuwa na picha hata moja. Nilimpa Ndeanasia vivyo hivyo, akailaza kitandani, nami sikupaka tena.

Siku hizi rangi zinauzwa mjini Moshi za kila aina, na nyama huja imekatwa na muuzaji asiyejua fungu la nani ni lipi. Wajukuu hudhani Krismasi ni siku ya kupumzika. Wadogo zangu hupanda mlimani na familia zao, wamenenepa, wanacheka kwa sauti. Mwaka jana Elinami aliniuliza, "Kaka, usingekuwa na sisi, ungekuwa nani?" Nilimwambia asogee kwenye benchi, dada yake apate pa kukaa.