Anayesimama Milangoni

Mama Pasi alikuwa mtu wa shaka tangu utotoni. Maziwa aliyanusa kwanza ndipo anywe, hata kama ng'ombe kakamuliwa mbele yake. Udobi nao ukazidi kumnoa, maana dobi hupekua mifuko kabla ya kuloweka nguo, na mifukoni ndimo watu wanamosahau mambo yao. Alijua mume gani mtaani ana ufunguo wa nyumba isiyo yake, na shemeji gani aliyeapa kuacha sigara bado anatembea na kiberiti. Hakumwambia mtu. Alichokikuta alikiweka tu juu ya nguo zilizopigwa pasi, mwenyewe ajionee. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema, na kwake hayo yalikuwa maneno ya kazi.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa mdogo wake amwangalie.

Kitinda mimba huyo wa kwao alifungwa kwa kuvunja stoo ya mfanyabiashara. Miaka ikaenda, bodi ya parole ikaona mwenendo wake ni mzuri, ikamruhusu amalizie kifungo nyumbani kwa masharti. Alale kwa dada yake. Aripoti kwa afisa wa parole kila wiki. Asikutwe kwenye mali ya mtu bila sababu. Akivunja sharti moja tu, anarudi ndani, na miaka iliyobaki ilikuwa bado mingi. Mama Pasi alikubali kumpokea kwa sababu ya usia wa marehemu mama yao, na pia, tuseme kweli, kwa sababu alimpenda sana yule mtoto. Lakini kupenda ni kupenda na kuamini ni kuamini, na Mama Pasi hakuloweka hivyo viwili katika beseni moja.

Siku za mwanzo tu alianza kuona mambo. Asubuhi mdogo mtu hakutoka chumbani. Mama Pasi akadhani ni uvivu, akaenda kumwamsha kwa maneno makali, na alipofungua mlango alimkuta kaamka, kavaa, katandika kitanda, kasimama kando ya mlango mikono nyuma. Kesho yake vilevile. Mtu gani anaamka mapema hivyo halafu anajifungia?

Kisha likaja la jikoni. Mlango wa jikoni ulikuwa mbovu, ukiguswa unalia mtaa mzima unajua. Paka mwenyewe hakuweza kuiba kwa sababu yake. Sasa Mama Pasi akiwa ndani na rafiki yake, wanamsema mdogo mtu kwa sauti ya chini, akifungua ghafla anamkuta nje, kimya, hatua moja kutoka kizingitini.

"Unasikiliza nini hapo?"

"Sisikilizi, dada. Nimeleta maji."

"Na kwa nini huingii?"

Anatabasamu, anaingia na ndoo. Tena mlango ule haukuwahi kulia kwa ajili yake hata mara moja. Mama Pasi alilala akiwaza ni ufundi gani wa wezi huo, wa kupita mlango mbovu usitoe sauti. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, akajiambia, akahamisha vitu vyake vya thamani kutoka kabatini hadi chini ya gunia la mkaa. Huko vikachafuka, na dobi mzima akavaa hereni nyeusi kwenye arusi ya jirani.

Siku moja sabuni iliisha. Akamtuma kwa mwenye duka wa mtaa wa pili, pale dobi wote wanapochukulia miche ya sabuni kwenye mlango wa nyuma, ule wa stoo. Mdogo mtu akakawia, akarudi mikono mitupu.

"Hawajafungua, dada."

Mama Pasi alitoka mwenyewe. Duka lilikuwa wazi, wateja wamejaa, na mwenye duka anatetemeka kwa hasira. "Mama Pasi, mimi nakuheshimu. Lakini huyo mdogo wako kasimama nyuma ya stoo yangu muda mrefu, nikamchungulia dirishani, hagongi, haiti, anautazama mlango tu. Nimeshampigia afisa."

Afisa wa parole alikuja jioni ileile. Alikuwa kijana mpole, na upole ule ndio ulimfungua mdomo Mama Pasi. "Dada, wewe unaishi naye. Umeona chochote?" Akasema yote. Alisema anasimama milangoni. Alisema kamdanganya kuhusu duka. Hakuongeza chumvi, kila neno lilikuwa kweli, na mdogo wake alichukuliwa na kuwekwa mahabusu akisubiri bodi imsikilize, maana sheria haimrudishi mtu gerezani kabla hajapewa nafasi ya kujieleza. Mama Pasi aliona ni kupoteza wakati. Hata hivyo usiku ule hakula, na ule mlango wa jikoni aliuacha wazi bila kujua kwa nini.

Bodi ilikaa katika chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka, na Mama Pasi akaitwa kama shahidi. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Askari jela akafungua mlango, akamwingiza mdogo mtu, akaufunga na kubaki nje.

"Ulikuwa unafanya nini nyuma ya stoo ya watu?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilikuwa nasubiri, mheshimiwa."

"Unasubiri nini?"

"Wafungue."

"Uligonga?"

Akainamisha kichwa. Wajumbe wakatazamana, na Mama Pasi akaona aibu inampanda hadi masikioni. Si angesema uongo wenye akili basi!

"Tumekusikia," alisema mwenyekiti, sauti imepoa. "Katusubiri nje tujadili."

Mdogo mtu alienda hadi mlangoni, akasimama. Hatua moja kutoka kizingitini, kando kidogo, uso umeelekea ukutani, mikono nyuma. Mlango haukuwa na kufuli wala komeo.

"Hukunisikia?"

"Nimesikia, mheshimiwa." Na hakuondoka.

Mjumbe mmoja akaguna kwamba huo ni ujeuri. Mama Pasi alikuwa anautazama ule mgongo. Aliujua. Ndio aliouona jikoni, na chumbani kila asubuhi. Akasimama bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema anasimama milangoni. Hasikilizi watu huyu. Anasubiri kufunguliwa!"

Mwenyekiti akamwita askari. Askari akafungua kutoka nje, na papo hapo mdogo mtu akapita, kama alivyokuwa akipita siku zote akifunguliwa. Askari hakuona ajabu yoyote. "Kule kwetu mfungwa hagusi mlango, mheshimiwa. Akigusa ni kosa, anakatwa siku zake za msamaha, zile za kupunguziwa kifungo. Huyu mwaka wake wa kwanza alisukuma mmoja kwa kujisahau, wakamkata. Hakurudia tena."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Kumbe mwenendo mzuri tuliomsifia ndio huo," alisema. Hawakujadili sana. Arudi kwa dada yake, kwa masharti yaleyale.

Njiani Mama Pasi alilia waziwazi, wala hakujali wateja wake waliompita. Walipofika nyumbani, akatangulia kuingia jikoni, akaufunga mlango nyuma yake. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akasema kwa sauti, "Jamani, huyu mama ana roho mbaya!"

Mama Pasi alisimama upande wa ndani, hatua moja kutoka kizingitini, sikio mlangoni, akisikiliza. Nje kimya. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe kwenda kwenye kitasa, akaukamata kwa mkono wa pili. "Gusa, baba," alinong'ona. "Gusa tu, hapa hawakati siku."

Alikaa hivyo hadi miguu ikafa ganzi. Kisha kitasa kikazunguka nusu, kikarudi, kikazunguka tena, na mlango ukalia mtaa mzima ukajua.

Mdogo wake alichungulia, jasho linamtoka.

"Dada," alisema, "mlango huu mnauachaje hivi? Hamna hata mafuta ya kupaka?"