Kaunta ya Vioo na Bega Langu

Nilikuwa nachora kadi za harusi na mabango kwenye steshenari moja Kariakoo, na mpaka leo nikiikumbuka ile kaunta damu inanichemka. Bosi alikuwa ameweka kompyuta juu ya kaunta ya vioo ili wateja waone kazi inavyofanyika. Kiti changu kilikuwa kifupi, kaunta inanifika karibu na kwapa. Kibodi na printa zilijaza nafasi yote, kwa hiyo mausi ilikaa kule pembeni, mpaka ninyooshe mkono wote ndiyo niifikie. Asubuhi hadi jioni, mkono uko hewani.

Maumivu yalianzia kwenye kifundo cha mkono, yakapanda kiwikoni, yakaweka kambi begani. Nikamwambia bosi.

"Dada, kubofya tu ndiyo kukuchoshe? Nenda Mchikichini ukawaone wanaobeba marobota ya mitumba."

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mwaka ukapita hivyo. Jumapili moja, nyumbani Magomeni, binti yangu alikaa chini nimsuke. Mstari wa pili tu, vidole vikafa ganzi, chanuo likaanguka.

"Mama, mbona umeacha?"

Nikampeleka kwa jirani asukwe. Niliporudi ndani nililia, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira.

Kesho yake nilikwenda hospitali, nikapelekwa kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nioneshe unavyokaa kazini."

Nikanyoosha mkono juu ya meza yake. Akaurudisha taratibu mpaka kiwiko kikagusa ubavu.

"Mausi ikae hapa, jirani na kibodi, usawa wa kiwiko. Usiikamate kama unaikaba. Uende mkono mzima, siyo kifundo peke yake. Na kila baada ya muda iachie, unyooshe vidole."

Ni hayo tu! Kumbe nilichokosa ni meza fupi!

Akaniandikia mapumziko ya siku saba. Bosi hakupata mtu, akakaa mwenyewe kwenye kile kiti. Siku ya nne akanipigia simu.

"Hivi wewe ulipewa dawa gani? Bega langu linawaka moto."

Niliporudi nilikuta fundi seremala ameshaleta meza fupi, na mausi iko karibu. Bosi alikuwa anamweleza mteja kwamba kaunta ile ni hatari kwa afya. Maumivu yangu ya mwaka mzima yalikuwa uvivu. Yake ya siku nne yakawa ugonjwa.

"Bosi," nikamwambia, mteja akisikia, "mwaka mzima nilikuwa nakwambia nini?"

"Yameisha hayo, dada."

"Kwangu hayajaisha."

Akajifanya anatafuta simu yake. Nilikaa pale miezi mingine minane, mkono ukapata nafuu, kisha nikaacha kazi. Pole yake sikuwahi kuisikia.