Walipochimba Shamba la Telesfori

Telesfori wa Mwese alikuwa mtu wa maneno machache. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akazaliwa huku huku milimani, na kanisani ndiye aliyeimba besi. Hakuwa na kesi na mtu mpaka Jumatatu ile mkewe Odeta alipoondoka alfajiri kwa bodaboda, akisema anakwenda hospitali Mpanda kung'oa jino na keshokutwa atarudi.

Hakurudi. Simu haikupatikana. Telesfori akamfuata Mpanda. Hospitali wakapekua daftari, jina hawakuliona. Aliporejea peke yake, kijiji kilikuwa kimeshamhukumu. Walisema hakuna jirani aliyemwona Odeta akiondoka, na siku ile ile mume alikuwa anainua matuta mapya ya viazi. Séverine, mdogo wake Odeta, akalia mbele ya mtendaji wa kijiji, akasema aliwasikia wakigombana Jumapili, na kwamba matuta yale yachimbwe. Waligombana kweli. Odeta alitaka wahamie Burundi kwa mama yake, Telesfori akakataa kuacha shamba.

Mgambo wakaja na majembe. Aliyepiga jembe la kwanza ni Didace, rafiki yake wa kwaya. Walichimba matuta yote, wakakuta udongo tu. Hata hivyo Telesfori akapelekwa polisi, akakaa mahabusu siku tisa. Chakula alipelekewa na Séverine mwenyewe, akimwita shemeji na kumsihi aseme dada yake yuko wapi.

Siku ya kumi akafika kituoni Arcade, dereva wa bodaboda, ambaye muda wote huo alikuwa ziwani Kapalamsenga akibeba samaki. Alisema yeye ndiye aliyempeleka Odeta, tena hawakuwa wawili.

"Tulikuwa mshikaki, watu watatu, afande. Séverine alikaa nyuma, kapakata begi. Alimsindikiza dada yake mpaka kwenye basi la Kigoma."

Séverine akaitwa. Alikana kidogo, kisha akatoa simu yake na namba ya Burundi. Polisi akapiga, akaweka sauti ya juu, akamwashiria Telesfori anyamaze.

Odeta alipokea upesi, mzima kabisa. "Séverine," alisema, "vipi, bado wamemshikilia?"

Telesfori aliketi chini sakafuni. Siku zote tisa alikuwa akimwombea mwanamke huyo asiwe amekufa.

"Aliniapisha, shemeji," Séverine alisema. "Aliogopa ungemfuata."

"Na yale matuta?" Telesfori aliuliza. "Nayo alikuapisha uyaseme?"



Telesfori alipoachiwa akarudi Mwese, watu walimpa pole, wakamuuliza kama atamfuata mkewe. Aliwaambia hapana, akaendelea kutengeneza matuta. Jumamosi Didace akaja na mzigo wa marando ya viazi begani, akisema ni mbegu nzuri, ametoa shambani kwake. Telesfori aliyapokea, akashukuru. Kiti hakumpa. Didace alisimama pale uani kitambo, akizungumzia mvua, mpaka akaaga mwenyewe.