Cheti cha Kufungua Kabati

Kwa miaka ishirini na miwili, Mama Mafaili ndiye aliyekuwa kumbukumbu ya zahanati ile. Ukimtajia mtoto yeyote, alikwambia kadi yake iko rafu gani. Kila mwezi alijumlisha takwimu kwa kalamu, akazitia kwenye bahasha, akamkabidhi kondakta wa basi. Bahasha ilifika bohari ya chanjo baada ya siku tisa, hapo ikiwa na bahati.

Mtandao ulipoletwa alifurahi kama aliyetuliwa mzigo. Alikwenda mafunzo siku tatu, akarudi na daftari limejaa pomoni. Lakini mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, alikuwa mtu wa kutunza vitu kupita kiasi. Kisanduku cha mtandao alikifunika kitambaa, akakifungia kwenye kabati la chuma la dawa. Kilitoka wakija wageni tu. Miezi mitatu! Mtandao ukakaa rumande bila kosa.

Jumatano moja asubuhi muuguzi alifungua friji. Chanjo ya surua ilibaki kichupa kimoja, cha watoto kumi. Kesho yake ilikuwa kliniki, na watoto wangezidi arobaini. Gari la bohari la kusambaza chanjo lingeondoka huko saa sita mchana, na oda ilipaswa kufika kabla.

"Dada, safari hii sitawaambia mimi akina mama kwamba chanjo imekwisha," alisema muuguzi. "Yule mama wa mwezi uliopita aliniangalia nikatamani ardhi inimeze."

Mama Mafaili alimkumbuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika "arudi" kwenye kadi ya mtoto wa mama yule.

Akaingia kwa mganga. "Bosi, naomba ufunguo wa kabati."

"Kwani wageni wanakuja?"

"Wanakuja. Arobaini, wengi wao hata meno hayajajaa."

"Usinichekeshe, mama. Kikiibiwa naulizwa mimi. Na utaratibu unaujua: hakitoki kitu kabatini bila cheti cha dawa."

Mama Mafaili akavuta kitabu cha vyeti, akaandika, akamsukumia. Mganga akasoma kwa sauti:

"Mgonjwa: Zahanati. Ugonjwa: kuchelewa, sugu. Dawa: mtandao. Kutwa nzima, usifungiwe." Akaangua kicheko. "Wewe mama utaniua!"

Kisha akaona kadi iliyobanwa nyuma ya cheti. "Na huyu?"

"Tulimwambia arudi. Hajarudi."

Kicheko kikakatika. Mganga akasaini cheti, akachomoa ufunguo.

Saa tano na nusu oda ya chanjo ilikwenda bohari kwa mtandao. Kabla Mama Mafaili hajavua miwani, jibu likaingia: "Imepokelewa. Tunapakia."

"Haya, daktari," mganga alimtania, akikunja kile kitambaa. "Dozi hii inaisha lini?"

"Ni kama vidonge vyako vya presha, bosi. Haina mwisho."

Kadi ya yule mtoto Mama Mafaili hakuirudisha rafuni. Aliiweka mezani, juu ya kila kitu, mpaka apatikane.